Pesa za Chonga

"Ardhi ni yangu, Mwanarehema! Kilichofia juu ya ardhi yangu ni changu, hata kiwe kunguru!"

"Basi kamzike kunguru wako, Rama! Minazi hii kaipanda babangu. Wewe wakati huo ulikuwa wakimbiza kuku, huna hata shuka kiunoni!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Rama akapiga fimbo chini mara mbili, kofia ikamshuka hadi kwenye nyusi. Bi Mwanarehema alikuwa upande wa pili wa ua wa makuti, buibui kalifunga kiunoni kama mtu anayejitayarisha kutwanga. Nusu ya mtaa wa Shika Adabu ilikuwa pale: wanawake wenye madebe matupu waliosahau kuwa walikuwa wakienda kisimani, wanaume waliotoka msikitini adhuhuri na chakula kinawapoa majumbani, na muuza mihogo mmoja aliyekwisha kuona kuwa hapa patauzika.

"Mwenye ardhi ndiye alipwaye!"

"Mwenye minazi!"

"Atalipwa karani," akasema mtu nyuma, "nyinyi endeleeni tu kukaukiwa na mate."

Sajini Elkana Odhiambo alisimama nyuma ya umati, baiskeli yake kaiegemeza kiunoni, akisikiliza. Miaka kumi ya kazi Likoni ilikuwa imemfunza kwamba ugomvi wa majirani haukatizwi ukiwa mbichi. Mtu akikasirika husema asichokuwa tayari kukisema akiwa amekalishwa kitini.

Nyuma ya wagombanaji ilisimama minazi tisa iliyokufa. Makuti yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu na kuning'inia kama mbawa za ndege aliyevunjika, vidaka na vitale, zile nazi changa, vimepukutika vyote. Mnazi wa kumi, katikati ya safu, ulikuwa kijani kibichi, madafu yamejaa kifuani.

Habari yenyewe ilijulikana na kila mtu kuanzia Likoni mpaka Mtongwe. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mkulima aliyepoteza minazi inayozaa kwa sababu ya chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, atalipwa kwa kila mnazi na kupewa miche ya mikorosho apande mahali pake. Watu waliziita pesa za chonga. Mnazi mmoja mfu ulikuwa na thamani kuliko mbata, nazi kavu za kuuza, za mnazi mzima kwa miaka mitano, maana bei ya mbata ilikuwa imeanguka hata wachuuzi wakaona haya kuitaja. Bi Mwanarehema akapeleka jina lake. Mzee Rama akapeleka lake. Bwana Shamba akaja na suruali yake fupi, akatazama juu, akatazama chini, hakulipa mtu. Alipeleka habari polisi: minazi hii haikufa kwa chonga. Imeuawa.

Mudir, mtawala wa serikali pale Likoni, hakuhangaika sana. Akaagiza akamatwe Mwarandu, mgema wa Kigiriama, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa akiipanda minazi ile, na kwa kuwa hakuwa na shangazi wala mjomba Likoni nzima wa kuja kumpigia kelele. Kesho asubuhi angevushwa kwa feri ya kwanza kwenda kortini mjini. Kuiibia serikali na kuharibu mali: jela yake si ya kuhesabu kwa wiki.

"Leo ni yako, Sajini," mudir alikuwa amemwambia. "Kesho ni ya Mwarandu."

Elkana akapenya katikati ya watu.

"Shikamoo, Mzee Rama. Shikamoo, Bi Mwanarehema."

"Marahaba," wakajibu pamoja, kisha wakatazamana kwa hasira kwamba hata jibu wameshirikiana.

"Nataka kuiona minazi."

"Itazame, mwanangu," Bi Mwanarehema akasema. "Macho hayalipiwi. Bado."

Aliacha baiskeli uani akaanza na mnazi wa kwanza. Asubuhi hiyo alikuwa amepita makusudi kwenye mnazi mmoja karibu na msikiti, ambao kila mtu alikiri kuwa umeliwa na chonga kwelikweli, akautazama mpaka shingo ikamuuma. Chonga huingia juu, kileleni, akatafuna kuti kabla halijakunjuka. Likikunjuka huwa limekatwa pembepembe, kama mtoto kalichezea kwa mkasi. Makuti ya hapa yalikuwa yamekufa mazima. Hakuna hata moja lililokatwa.

Akainama. Shinani palikuwa na udongo uliolundikwa, kama mtu aliyeutilia mnazi samadi. Akauchimbua kwa kisu. Chini ya udongo, kwenye shina, usawa wa goti la mtu, palikuwa na tundu la mviringo, dogo, limezibwa kwa makumbi ya nazi yaliyoshindiliwa kwa nguvu. Alipoyachomoa, harufu kali ikampiga puani, akarudi nyuma, akakohoa. Ilikuwa dawa ya kupe, ile wanayooshea ng'ombe.

Akaenda wa pili. Tundu. Wa tatu. Tundu. Umati ulikuwa umeanza kumfuata, kila mtu akichungulia begani kwa mwenzake.

"Kaona nini?"

"Kaona shimo."

"La panya?"

"Panya gani atoboaye kwa keekee, wewe?"

Elkana akasimama, akapaza sauti. "Nisikilizeni! Hii ni sumu. Asile mtu nazi wala dafu la minazi hii. Na aliyekwisha kula aseme sasa hivi, apelekwe hospitali."

Kelele zikafa. Mama mmoja akamshika tumbo mwanawe. Mwingine akatema mate, ingawa hakuwa na kitu kinywani. Muuza mihogo akaanza kuapa kwa sauti kuwa mihogo yake haijapata kuonana na mnazi.

"Hakuna aliyekula," Bi Mwanarehema akasema upesi kutoka ng'ambo ya ua. "Zilizoanguka nimezifukia zote. Msitishe watu."

"Alhamdulillahi," wakasema wanawake. Kelele zikarudi.

Elkana akapangusa kisu chake kwa jani, akamtazama Bi Mwanarehema kidogo, kisha akachukua baiskeli.

*

Kituoni, Mwarandu alikuwa ameketi sakafuni, magoti kifuani. Alikuwa mtu mwembamba mwenye nyayo pana, zimekakamaa kama mbao kwa kupanda. Aliinua uso.

"Sajini, feri ni kesho kweli?"

"Ni kesho. Nijibu vizuri isiwe. Minazi ya Bi Mwanarehema uliipanda lini mara ya mwisho?"

"Zamani. Mwezi na zaidi. Alinikataza."

"Alikukataza?"

"Alinambia, Mwarandu, teremsha vibuyu vyako vyote, sitaki tena tembo shambani mwangu. Nikamuuliza, Bi, nimekosa nini? Akasema sharifu kapita kamwambia tembo litamtia motoni." Akacheka kidogo, bila furaha. "Miaka yote hiyo moto haukuwako. Nikasema, labda umewashwa juzi."

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika. Lakini akanipa kipimo cha mchele na kitambaa cha mke wangu. Utamkasirikia vipi mtu hivyo? Ukimkasirikia yuakupikia."

"Wewe ungetaka kuua mnazi, ungefanyaje?"

Mwarandu akamkazia macho, akijua kuwa swali lina mtego lakini hajui uko wapi.

"Ningepanda juu. Ningekata kilele, siku moja tu. Mnazi ukikatwa kichwa haukui tena. Kwani niuzunguke chini kama mbuzi?"

Elkana akafikiria matundu yaliyo usawa wa goti. Aliyetoboa hakupanda. Ama hakuweza.

"Sajini," Mwarandu akaita alipokuwa akitoka. "Mke wangu yuko Kisauni kwa nduguye. Hajui niko humu. Nikivushwa kesho, mtu amwambie. Asije akadhani nimemkimbia."

Elkana akafunga mlango.

*

Zizi la Mzee Rama lilikuwa nyuma ya nyumba yake. Ng'ombe watatu, ndama mmoja, na debe la dawa ya kupe limefunikwa kwa kigae. Elkana akalifunua, akanusa, akalifunika.

"Debe hili lilijaa lini, Mzee?"

"Baada ya Idi."

"Sasa liko nusu. Ng'ombe watatu hawawezi kuoga hivyo hata wakiwa maharusi."

Mzee Rama akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Wasema nini, Sajini?"

"Nasema ninachokiona. Sumu iliyo katika minazi ni hii. Na nasema ninachokisikia. Kuna tajiri wa Changamwe anataka kununua ardhi hii ajenge bohari. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Na alikuambia hanunui ardhi yenye minazi ya mtu mwingine juu yake."

Mzee akachora mstari mchangani kwa fimbo.

Jambo hili lilikuwa limemshinda Elkana mwaka wake wa kwanza, alipoletwa kutoka Kisumu: kwamba Pwani udongo waweza kuwa wa huyu na mti uliosimama juu yake ukawa wa yule, na wote wawili wakawa na haki. Kule kwao anayemiliki shamba anamiliki na kivuli chake. Hapa, maadamu mnazi mmoja umesimama, mwenye minazi huingia, huangua, hupita na wajukuu zake, na hakuna mnunuzi atakayemwondoa. Minazi ikifa yote, njia imekufa. Ardhi humrudia mwenyewe, tupu.

"Wewe ndiye mwenye sumu," Elkana akasema. "Wewe ndiye mwenye faida. Kupanda mnazi huwezi kwa goti lako hilo, kwa hiyo ulitoboa chini. Na ukataka pesa za chonga juu yake. Mzee Rama, simama."

Pingu zilikuwa mkononi mwake tayari. Zililia kidogo. Mkaza mwana wa mzee, aliyekuwa akikamua mlangoni mwa zizi, akaacha maziwa yamwagike mchangani.

Mzee Rama hakusimama. "Debe hilo kila mtu huliazima," akasema polepole. "Mwenye mbuzi, mwenye mbwa, mwenye kunguni kitandani. Waulize. Mtaa mzima umetia kikombe humo. Mimi sijapata kumnyima jirani dawa."

"Waliazima, lakini hawana ardhi ya kuuza."

"Basi nifunge. Lakini wallahi, kama ningeua minazi ile, unaona ningeuacha ule?" Akaelekeza fimbo.

Kupitia mlango wa zizi minazi ilionekana safu nzima: minne mikavu, mmoja wa kijani, mitano mikavu.

Elkana akautazama. Mara ya kwanza aliuona, akaupita. Alikuwa ameuhesabu kama mnazi uliosalimika, bahati tu, kama vile panyabuku huacha muhogo mmoja. Sasa akatoka zizini, pingu zinaning'inia, akaenda mpaka shinani pake. Akachimbua udongo pande zote. Hakuna tundu. Hakuna hata jeraha la kujaribu. Udongo wake haukuguswa, nyasi zimeota.

Haukusalimika. Uliachwa.

Mtu anayetaka kuondoa haki ya minazi haachi hata mmoja, maana mmoja unamrudishia jirani njia yote. Kwa Rama, mnazi huu ulikuwa sawa na kutofanya lolote. Aliyefanya alitaka tisa ilipwe, na huu mmoja hakuthubutu kuugusa, ingawa ulikuwa katikati, na hata mtoto angeshangaa chonga waliurukaje.

Mzee Rama alikuwa amemfuata, akijikokota.

"Mnazi huu ni wa nani?" Elkana akauliza.

"Wa Mwanarehema. Si nimekwisha..."

"Najua. Nauliza ni wa nani."

Mzee akaweka kiganja juu ya shina. "Wa Dhahabu. Binti yake. Kitovu chake kimezikwa hapa, na mche ukapandwa juu yake siku hiyohiyo. Mimi ndiye niliyeshika jembe. Babake alikuwa safarini." Akatabasamu. "Mnazi wa kitovu mtu haukati. Ukikauka, watu hushika matumbo kungoja habari ya mwenyewe. Na Dhahabu sasa ana mimba yake ya kwanza, kaja kwa mamake kutoka Frere Town ili..."

Akakoma. Tabasamu likakaa pale usoni, halina mwenyewe.

Akamtazama Elkana. Elkana akamtazama.

"Mamake aliazima dawa kwako?" Elkana akauliza.

"Ana mbuzi."

"Mara ngapi?"

"Ana mbuzi wengi."

"Ana mbuzi mmoja, Mzee. Nimemwona."

Mzee Rama akashika mkono wa Sajini, kwa nguvu ambayo Elkana hakuitarajia.

"Andika ni chonga," akasema kwa sauti ya chini. "Bwana Shamba ni mtu, aweza kukosea. Andika ni chonga, mimi nitafuta jina langu, sitaki tena senti. Yule mwanamke amenitukania mpaka marehemu babangu, na kesho nitamjibu, inshallah. Lakini usimpeleke jela. Nani atakaa ng'ambo ya ua huu?"

"Matundu mtaa mzima umeyaona, Mzee, mudir hataamini. Na Mwarandu?"

Mzee akaachia mkono.

*

Nyumba ya Bi Mwanarehema ilijaa watu kama kawaida yake. Wanawake walikuwa wametandaza mikeka ukumbini, wanasuka ukili, wanamcheka shemeji wa mtu fulani aliyenunua redio kabla ya kununua kitanda. Harufu ya wali wa nazi na samaki wa kukaanga ilitoka jikoni. Dhahabu mwenyewe alikuwa ameegemezwa mito, tumbo mbele, anapepewa.

"Hodi."

"Karibu, Sajini! Umempata chonga?" Wakacheka.

Bi Mwanarehema hakucheka. Akatoka barazani, akavuta pazia la mlango nyuma yake.

"Sema polepole," akasema.

"Nazi zilizoanguka ulizifukia," Elkana akasema. "Koroma nzuri na nazi kavu, na wewe ni mtu wa kuuza mbata. Mtu anayedhani ni mdudu hafukii nazi. Anazifua, anazikausha."

Bi Mwanarehema akaangalia kama pazia limefunga vizuri.

"Mwarandu ulimwondoa kabla ya kutia sumu, asije akagema kifo akakiuza. Ulimpa mchele."

"Ana watoto."

"Ana watoto, na kesho anavushwa."

"Walisema watamwachia. Hana hatia, watamfunga kwa lipi?"

"Kwa kuwa hakuna mwingine."

Bi Mwanarehema akaketi kwenye ukingo wa baraza. Ndani mtu alisema jambo, wakacheka tena, na sauti ya Dhahabu ikapanda juu ya zote.

"Keekee ni ya marehemu mume wangu," akasema hatimaye. "Mikono ilinivimba. Nilidhani kutoboa mti ni kama kukuna nazi." Akajitazama viganja. "Wajua Desemba iko karibu, mwanangu?"

"Najua."

"Bendera itashuka. Uhuru, watu watapiga ngoma, nami nitapiga. Lakini hizi pesa za chonga katangaza Mzungu. Mzungu akipanda meli, nimwendee nani? Wengine wasema Pwani itakuwa na mambo yake, wengine wasema Nairobi itachukua kila kitu. Kila anayepita hapa ana lake. Mimi nina minazi kumi ambayo hainunui sukari, na mtoto anayekaribia kuzaa, na mumewe kafukuzwa bandarini. Nikasema, zilipwe sasa, kabla serikali hii haijafunga milango. Nani ajuaye ile nyingine itafungua upi?"

"Ungengoja chonga wenyewe."

"Chonga hawana haraka. Mimi ninayo."

Elkana akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Jua lilikuwa limeshuka upande wa Mtongwe. Kule kwenye ua wa makuti, Mzee Rama alikuwa amesimama peke yake, anajifanya anakagua kamba.

"Nikienda nawe kituoni ukasema haya," Elkana akasema, "mudir hawezi kumzuia Mwarandu."

"Atatoka leo?"

"Leo."

"Si kesho asubuhi, mkaniambia karani hayupo?"

"Nitamfungulia mwenyewe."

Bi Mwanarehema akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei. Akasimama, akashusha buibui lake vizuri, akajipangusa uso kwa upindo wake mara moja, pande zote mbili. Kisha akaita kwa sauti yake ileile ya kila siku, ile inayosikika mpaka kisimani.

"Dhahabu! Waambie wapakue! Na sinia moja zaidi, kuna mgeni!"

"Abee, mama!"

Akamgeukia Sajini, akapunguza sauti.

"Humo ndani hawajui. Wakijua sasa hakuna atakayekula, na yule mtoto asilale na njaa, si kwa hali aliyo nayo. Nao wakikuona umesimama hapa mlangoni kama mdai, watajua. Vua viatu, mwanangu. Ingia ule, kisha twende."